Zana za Kujitengenezea katika Ukarabati wa Pikipiki na Guta: Yapasayo Kujulikana na Mwenye Chombo

Barabara ya lami itokayo Mbinga kwenda Mbamba Bay ina urefu wa kilomita zipatazo 66, na katika mwendo huo mfupi msafiri huteremka kutoka milima ya Umatengo, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa ambako maji yako chini ya mita 500. Pikipiki na guta za magurudumu matatu hupanda na kushuka mteremko huo kila siku zikiwa na magunia ya kahawa, mahindi, usipa waliokaushwa, na mara nyingine mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Litembo. Pikipiki ya magurudumu manne, ile ipendwayo na watalii, haionekani sana upande wetu. Lakini injini yake ni ndugu wa injini ya guta, na karibu yote tutakayoyaeleza hapa yanamhusu mwenye chombo hicho pia.

Vyombo hivi vinapohitaji kufunguliwa ndani, kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji hutaja jambo moja mara kwa mara: zana maalumu. Si spana, bisibisi wala nyundo, bali kifaa kilichobuniwa kwa kazi moja tu, kama kuvuta sumaku ya injini, kushikilia kitovu cha klachi au kufungua nati yenye mikato minne. Zana hizo hupatikana kwa mawakala katika miji mikubwa, na si rahisi kuzikuta katika duka la vipuri la Maguu, Liuli au Lituhi. Kwa hiyo fundi wa kwetu hufanya moja kati ya mambo mawili: hujitengenezea zana yake, au huifanya kazi bila zana, kwa tindo na nyundo.

Wateja wengi tunaozungumza nao huogopa lile la kwanza na kulivumilia la pili. Mtu akiona kipande cha bomba kilichochomelewa mpini, hudhani amefika kwa fundi wa kubahatisha. Akiona nyundo mpya ing'aayo, hutulia. Sisi tunaona kinyume chake ndicho kilicho kweli. Zana haipimwi kwa mahali ilikotoka. Hupimwa kwa swali moja: je, inakishika kifaa mahali palepale ambapo mtengenezaji alikusudia kishikwe? Bomba lililochongwa vizuri hulijibu swali hilo, na tindo hailijibu kamwe.

Pula ya sumaku

Tuanze na zana inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Upande wa kushoto wa injini nyingi za pikipiki na guta kuna gurudumu zito la chuma lenye sumaku ndani, linalozunguka na krenki na kuzalisha umeme wa plagi, taa na betri. Mafundi huliita sumaku kwa ufupi. Gurudumu hilo limekaa juu ya ncha ya krenki iliyochongwa kwa mtindo wa pia, nene kwa ndani na nyembamba kwa nje, na linapokazwa na nati yake hubana kiasi kwamba hata nati ikiondolewa halitoki. Kubana huko kumekusudiwa. Kile kijichuma kidogo kilichomo katikati, ambacho mafundi hukiita kii, kazi yake ni kuonyesha mahali pa kukaa tu. Kinachobeba nguvu ni ule mbano wa pia.

Ili kulitoa, mtengenezaji amekata uzi katika kitovu cha gurudumu. Pula hufungwa katika uzi huo, kisha bolti ya katikati ya pula hukazwa ikisukuma ncha ya krenki, na gurudumu huachia kwa mlio mkali kama wa kuvunjika kijiti. Kazi nzima huchukua dakika chache.

Asiye na pula hufanya nini? Wapo wanaopenyeza bisibisi mbili nyuma ya gurudumu na kuzisukuma kama mtalimbo. Nyuma ya gurudumu kuna koili za umeme zilizozungushiwa nyaya nyembamba, na kuna mwili wa injini uliotengenezwa kwa aluminiamu. Vyote viwili huumia kabla gurudumu halijasogea. Wapo wanaopiga ukingo wa gurudumu kwa nyundo. Sumaku zilizo ndani ni ngumu lakini dhaifu mbele ya mshtuko, kama kigae. Hupasuka au hubanduka, na kipande kilichobanduka kikizunguka kwa kasi ya injini hukwangua koili zote. Na wapo wanaopiga ncha ya krenki yenyewe. Hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu krenki za injini nyingi ndogo si kipande kimoja: ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na pigo la nyundo laweza kuvipotosha kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kinachotosha kuzifanya beringi zilie na injini itetemeke. Mteja huondoka na pikipiki inayowaka, hurudi baada ya wiki kadhaa kwa ugonjwa mwingine, na hakuna anayekumbuka nyundo ile.

Pula ya kujitengenezea ni jambo linalowezekana kabisa, kwa sharti moja ambalo halina msamaha: uzi wake lazima ulingane na uzi wa kitovu, kwa kipenyo na kwa nafasi kati ya jino na jino. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa nia njema. Bolti ya kawaida ya milimita 14 iuzwayo madukani ina nafasi ya milimita 2 kati ya meno yake, ilhali ile ya uzi mwembamba ina milimita 1.5. Kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha ya kwanza katika uzi wa pili, itaingia nusu mzunguko au mmoja, itabana, kisha itang'oa meno ya kitovu, na kuanzia hapo hakuna pula duniani itakayoweza kulitoa gurudumu hilo. Isitoshe, injini nyingine zina uzi wa kushoto, unaofungwa kwa kuzungusha kinyume. Anayetaka kujua alinganishe meno kwa meno: aweke bolti anayoijua ubavuni mwa uzi wa pula, azielekeze kwenye mwanga, aone kama meno yanaumana bila upenyo. Na dalili ya hakika ni kwamba pula ifaayo huingia kwa vidole vitupu, mizunguko mitano au zaidi, kabla spana haijaguswa.

Pula nzuri hutengenezwa na mkerezaji wa chuma mwenye mashine, akipewa gurudumu lenyewe au pula ya mfano ili apime. Songea wapo wakerezaji, na ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, ni mahali pa kuuliza. Kwa kikundi cha bodaboda chenye pikipiki za aina moja, pula moja yaweza kuwahudumia wote kwa miaka mingi ikifutwa, ikipakwa grisi na kutopigwa nyundo.

Tuongeze tahadhari moja. Zile pula za makucha mawili au matatu zinazouzwa kwa ajili ya beringi hazifai kwa sumaku. Makucha hushika ukingo, nguvu hupita mahali ambapo hapakukusudiwa, na gurudumu hupinda.

Nati ya mikato minne, na kishikio cha klachi

Katika injini nyingi ndogo kuna nati isiyo na pembe sita. Ni ya duara, imekatwa mikato minne ukingoni, na huikuta ikishikilia kichujio cha oili kinachozunguka na krenki, au kitovu cha klachi. Fundi asiye na soketi yake huweka tindo katika mkato mmoja na kupiga kwa ubavu hadi nati izunguke. Nati hufunguka, ndiyo, lakini mkato huliwa. Baada ya kufunguliwa mara tatu nne hubaki duara tupu. Ukitaka kujua historia ya chombo unachotaka kukinunua mkononi mwa mtu, omba kifuniko cha klachi kifunguliwe uitazame nati hiyo. Nati iliyotafunwa hueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Soketi yake haihitaji mashine. Huchukuliwa soketi kuukuu ya kipenyo kinachofaa, mdomo wake ukachongwa kwa grinda na tupa hadi yabaki meno manne. Ili kupata nafasi sahihi ya meno, fundi hulaza karatasi juu ya nati na kuisugua kwa kidole chenye oili chafu. Mikato hujichora yenyewe kwenye karatasi, nayo hubandikwa mdomoni mwa soketi kama ramani. Meno yajaze mikato, yafike chini, na yawe na pande zilizo wima; jino lenye mteremko huruka na kuikata nati. Wakati wa kuchonga, soketi ichovywe katika maji kila mara, kwa kuwa chuma chake kimetiwa ugumu kiwandani na kikigeuka buluu kwa joto la grinda ugumu huo umepotea. Kipande cha bomba la maji hutumika pia, na hutosha kwa nati isiyokazwa sana, ila meno yake ni laini na hayadumu.

Nati haitafunguka iwapo kitovu kinazunguka nayo, na hapa mafundi wasio na subira hupenyeza bisibisi kati ya meno ya gia mbili. Jino la gia likivunjika, kipande chake huanguka ndani ya oili, na injini hukitafuna. Kuna njia isiyo na gharama: sahani mbili za chuma za klachi iliyokwisha, zile zisizo na bitana, zikichomelewa pamoja kwenye kipande cha chuma bapa chenye urefu wa sentimita 30 hivi, huwa kishikio kamili, kwa sababu meno yake ndiyo yaleyale yaliyotengenezwa kuingia katika kitovu hicho. Sahani kuukuu fundi anazo tele. Tunakiri kwamba kati ya zana zote tulizozichunguza kwa ajili ya kijitabu hiki, hii ndiyo iliyotupendeza zaidi: takataka za kazi ya jana zinafanya kazi ya leo.

Kamba ndani ya silinda

Njia nyingine ya kuizuia injini isizunguke ni kuizuia pistoni, na hapo kuna ubaya na uzuri. Ubaya ni kupenyeza bisibisi au bolti katika tundu la plagi ili pistoni iigonge. Pistoni ni ya aluminiamu, hutobolewa. Uzuri ni kamba. Pistoni ikiwa inapanda na valvu zote mbili zimefungwa, fundi huingiza kamba laini na safi kupitia tundu la plagi, akiacha mkia mrefu nje, kisha huzungusha krenki taratibu hadi kamba ishindiliwe kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Nguvu husambaa juu ya pistoni nzima, na hakuna kinachokwaruzwa. Ufukweni, kamba ya nailoni ya wavuvi haikosekani. Ya katani isitumike, maana huacha nyuzi ndani. Njia hii ni ya injini za mikupuo minne. Katika zile za mikupuo miwili kamba huweza kunaswa katika matundu ya ubavuni mwa silinda na kukatwa.

Bomba la plastiki, beringi kuukuu

Sili za shokapu za mbele zikivuja, oili hutiririka hadi kwenye breki, na chombo cha kushukia Mbamba Bay hakipaswi kuwa na oili kwenye breki. Kuingiza sili mpya kwa kuigongagonga kwa bisibisi upande huu na upande ule huikata mdomo, ikavuja tena kabla ya mwezi. Kipande cha bomba la plastiki la maji, chenye tundu la kupita juu ya mguu wa shokapu na ukingo uliokatwa sawasawa, huisukuma sili kwa duara zima mara moja. Plastiki haikwaruzi chuma. Gharama yake ni ya kipande ambacho fundi bomba angekitupa.

Kwa beringi za magurudumu, kanuni ni kusukuma duara la nje beringi inapoingizwa katika habu. Pigo likitua kwenye duara la ndani, hupita katika vile vigololi na kuacha mabonde madogo yatakayolia baadaye. Zana ifaayo ni beringi kuukuu ya namba ileile, ambayo ukingo wake wa nje umepunguzwa kidogo kwa grinda isinase ndani. Namba huandikwa ubavuni mwa beringi: 6301 ina tundu la milimita 12 na upana wa nje wa milimita 37, na 6302 ina 15 na 42. Mteja anayekwenda dukani na namba hiyo haletewi beringi ya kukisia.

Kipimo hakibuniwi

Hadi hapa tumezungumzia zana za kushika, kuvuta na kusukuma. Zana za kupimia ni habari nyingine, na hapa hatuna ulegevu.

Kati ya valvu na kile kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo mno, ambayo katika injini nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha chombo chako. Tumeona nafasi hiyo ikipimwa kwa karatasi, kwa kipande cha pakiti ya sigara, hata kwa wembe wa msumeno wa chuma. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1 na hubonyea; wembe wa msumeno una zaidi ya nusu milimita. Kwa karatasi utakuwa umekisia, kwa msumeno utakuwa umekosea mara sita au zaidi. Nafasi ikiwa kubwa, injini hupiga kelele. Ikiwa ndogo, haipigi kelele yoyote, na ndiyo sababu ni ya hatari zaidi: valvu haifungi sawasawa, moto hupenya, ukingo wake huungua, na chombo kilichopanda kutoka ziwani kwa gia ya tatu mwaka jana sasa hupanda kwa gia ya kwanza. Fila geji, yaani lile furushi la majani ya chuma yaliyoandikwa unene wake, si ghali, na fundi wa injini asiyekuwa nayo hajakamilisha vyombo vyake. Kile kispana kidogo cha kuzungusha kichwa cha mraba cha kirekebishio, hicho kinaweza kutengenezwa na yeyote kwa bomba jembamba lililopondwa juu ya msumari wa mraba. Kishikio chaweza kubuniwa, kipimo hakibuniwi.

Kuna hali moja ya katikati. Bolti za kichwa cha silinda na ya kumwagia oili hutakiwa kukazwa kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, kwa nyutonimita, na spana ya kupima nguvu hiyo haipatikani kwa urahisi. Mizani ya springi, ile ya ndoana inayotundikiwa samaki, yaweza kusaidia. Spana yenye urefu wa sentimita 25 kutoka katikati ya bolti hadi mahali mizani inapofungwa, ikivutwa kwa pembe mraba hadi mizani isome kilo 10, huikaza bolti kwa nyutonimita 25 hivi. Ukivuta kwa mshazari hesabu huharibika. Njia hii si sawa na spana halisi ya kupimia, lakini ni bora mno kuliko mkono wa fundi mwenye nguvu aliyezoea kukaza hadi bolti ilie, kwa kuwa uzi wa aluminiamu ukishang'oka, marekebisho yake ni ya mashine. Mizani ya namna hiyo itumike gereji tu. Mizani ya kuuzia samaki au kununulia kahawa ni sharti ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na iliyokwisha vutwavutwa kwa bolti isirudishwe sokoni.

Zana huondoka, kipuri hubaki

Msomaji asichanganye zana ya kubuni na kipuri cha kubuni. Zana huondoka na fundi kazi inapokwisha. Kipuri hubaki katika chombo na kushuka nawe mlimani. Soketi ya bomba ikivunjika, fundi huumia kidole. Kipedali cha breki kilichounganishwa kwa kuchomelewa kikivunjika kwenye kona, hakuna wa kumlaumu kwa wakati huo. Kwa sababu hiyo, kile tunachokikubali kwa moyo mweupe katika sehemu nyingine za kitabu hiki hatukikubali katika breki: kifaa chochote kinachobaki katika mfumo wa breki kiwe cha kununuliwa, kipya, na cha chombo hichohicho.

Hata kwenye breki, hata hivyo, zana ya kubuni ina nafasi yake. Kuondoa hewa katika breki za diski, mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa yenye tundu kifunikoni hutosha, mradi ncha ya mpira izame katika mafuta ya breki yaliyomo chupani. Mafuta hayo yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka katika chupa iliyofunguliwa siku hiyo, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewani. Oili ya injini haiwi mbadala. Huvimbisha mipira ya ndani hadi breki inaganda. Vumbi la bitana lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Jeki ya kujitengenezea hatuikubali. Guta ikinyanyuliwa kwa jeki ya dukani, iegeshwe juu ya magogo mapana ya mbao ngumu kabla ya mtu kuingiza mkono chini, na si juu ya tofali, ambalo hupasuka ghafla bila kuonya.

Kwa anayetengeneza mwenyewe

Wapo wenye vyombo ambao ni mafundi wa nyumbani, na hatutaki kuwakataza. Wajue tu kwamba vyuma havilingani. Nondo ni laini: hufaa kwa mpini, haifai kwa jino la soketi. Chuma cha springi ya gari ni kigumu na chenye kunyumbuka, nacho ndicho kizuri kwa vyuma vya kung'olea tairi, mradi kingo zake zisuguliwe hadi ziwe mviringo zisije zikaichana tyubu. Tupa kuukuu ni ngumu kupita kiasi. Wengi huzigeuza tindo, na zikipigwa nyundo hurusha vipande vikali kama kioo. Miwani ya kukinga macho si pambo katika kazi hii.

Bomba la maji la chuma aghalabu limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kichefuchefu usiku wake. Isuguliwe kwanza, na kazi ifanyiwe nje. Pasichomelewe kitu chochote kando ya tangi la petroli, hata likiwa tupu: mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Na kama ni lazima kuchomelea kwenye fremu ya chombo, waya za betri zitolewe kwanza, ama sivyo kile kisanduku cha umeme wa plagi huenda kikafa siku hiyohiyo.

Makubaliano kabla ya spana ya kwanza

Bodaboda wengi wa kwetu hawaendeshi chombo chao wenyewe bali cha tajiri, kwa mkataba, na hesabu ya kila siku haingoji injini ipone. Msimu wa kahawa siku moja gereji ni hasara. Wiki moja ni deni. Ndiyo maana mteja huwa na haraka, na ndiyo maana nyundo hupata kazi. Lakini swali la kuuliza halichukui hata dakika: "Fundi, sumaku hii utaitoa kwa kutumia nini?" Fundi mwenye pula ataichomoa kutoka katika boksi lake, na mara nyingi atafurahi kuulizwa. Asiyekuwa nayo aulizwe kama yuko mwenzake wa kumwazima. Jibu la kwamba "tutaona mbele ya safari" si jibu.

Swali la fedha hugombanisha pia. Fundi akihitaji kutengeneza zana kwa ajili ya kazi yako, nani alipe? Maoni yetu ni kwamba zana inayobaki kwa fundi ni mtaji wake, na si haki kumtoza mteja mmoja gharama yote pasipo kumwambia mapema. Mkikubaliana uilipie, iwe yako, uondoke nayo. Bora zaidi ni vikundi kuchangia na kuitunza zana kwa katibu, kukiwa na daftari la kuazimia.

Chombo kikiwa bado ndani ya waranti, soma masharti yake kabla ya kufungua kifuniko chochote; mara nyingi injini iliyofunguliwa nje ya wakala hupoteza waranti hata kama kazi ilifanywa vizuri. Kwa chombo kilichokwisha kutoka katika waranti, dai risiti au hati fupi yenye tarehe, kazi iliyofanywa na vipuri vilivyobadilishwa, na uombe kurudishiwa vipuri vya zamani siku hiyohiyo. Kii iliyokatika au nati iliyotafunwa ni ushahidi, na fundi mwema hana sababu ya kukunyima. Ikitokea umeelezwa kwamba kifaa ni kipya kumbe ni kilichokarabatiwa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji wa namna hiyo, na lalamiko lako hupelekwa Tume ya Ushindani pamoja na hati hizo. Kwa fundi aliyejifunzia kazini na anayetaka ujuzi wake upimwe na kutambuliwa rasmi, VETA inao utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna yake, na cheti hicho ni kitu ambacho mteja pia anaweza kuomba kukiona.